Kidonge cha Damu na Chai ya Rungwe

Shangazi yangu wa Tukuyu haamini dawa inayomezwa kwa maji baridi. Na kwa baridi ile ya mwezi wa sita, ukungu ukiwa umekalia migomba mpaka saa nne asubuhi, simlaumu. Kwa hiyo shemeji yangu, mke wa mdogo wangu, alipokuwa na ujauzito wa miezi sita, kila asubuhi alikabidhiwa vitu viwili kwa mpigo: kidonge cha FEFO, yaani chuma na foliki asidi cha kuongeza damu, alichopewa kliniki, na kikombe cha bati cha chai ya rangi, majani ya Rungwe yaliyochemka mpaka yakakata tamaa. Shangazi anasimama mlangoni, mikono kiunoni, mpaka aone koo limemeza. Uangalizi wa namna hiyo hata wodini huupati.

Damu haikupanda. Mwezi wa kwanza haikupanda, wa pili haikupanda. Kliniki wakamuuliza kama anameza kweli au anatupa, na kwa jinsi swali lilivyoulizwa, jibu walikuwa nalo tayari. Alirudi nyumbani amenuna.

Mimi nilikuwa nimewatembelea siku hiyo, nikafanya kitu cha kitoto. Nilichukua kidonge kimoja, nikakisaga kwa mgongo wa kijiko, unga wake nikaumimina kwenye chai yangu na kukoroga. Chai ikawa na rangi ya matope. Tukaendelea kuongea. Nilipoangalia tena ilikuwa imegeuka nyeusi, nyeusi ya kuandikia, na kwenye ukingo wa kikombe cheupe umebaki mstari kama wa kalamu.

"Umetia masizi humo?" shangazi akauliza.

"Hapana, shangazi. Ni kile kidonge chake kimekutana na chai yako."

Alikitazama kikombe kwa muda, kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyeibiwa: "Kumbe miezi yote hii namnywesha wino."

Alikuwa amesema kweli kuliko alivyojua. Kwa karne nyingi wino wa Ulaya ulitengenezwa hivyo hivyo, chumvi ya chuma ikichanganywa na maji ya mimea yenye tanini. Chai imejaa vitu vya ukoo huo. Vinakikamata chuma, na chuma kilichokamatwa kinasafiri utumbo mzima bila kupita ukuta wake, kinaishia chooni. Chai ikinywewa pamoja na chakula inaweza kupunguza chuma kinachoingia mwilini kwa zaidi ya nusu. Ikicheleweshwa saa moja tu baada ya chakula, hasara hiyo inapungua sana. Saa moja! Hakuna dawa mpya, hakuna mradi wa wafadhili.

Kiswahili chetu kina neno moja kwa vyote hivi. Dhahabu ya Chunya ni madini, na kile anachokitaja muuguzi kliniki, kilichomo kwenye mchicha, ni madini. Zamani nilidhani ni uvivu wa lugha. Siku hizi naona lugha ilituzidi akili, maana ni vitu vilevile kabisa. Atomu ya chuma iliyomo kwenye Kimondo cha Mbozi, pale Ndolezi, haina tofauti yoyote na iliyomo kwenye damu ya mwanafunzi anayekiegemea ili apigwe picha. Kimondo kile kinakadiriwa kuwa na uzito wa tani 12 hadi 16, asilimia 90 chuma, na nikeli inayozidi kidogo asilimia 8. Nikeli hiyo hiyo, tukiwa bado tumesimama pale, ndiyo inayowawezesha bakteria wa vidonda vya tumbo kuishi katikati ya tindikali: wana kimeng'enya chenye nikeli kinachotengeneza amonia, na amonia inaizima tindikali inayowazunguka. Hili halina kazi kubwa kwenye hoja yangu. Linanifurahisha tu.

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tumekaa juu ya metali. Ludewa kuna Liganga, mlima wa chuma ambao tangu tukiwa shule tunaambiwa unakaribia kuanza kuchimbwa. Ufipa wazee waliyeyusha chuma kwenye matanuru marefu ya udongo, malungu, kabla hajafika mkoloni yeyote. Chunya dhahabu inachimbwa tangu miaka ya 1920. Na juu ya udongo huo ndiko kunakotoka mahindi, viazi, maharage na mchele unaolisha masoko ya Dar es Salaam. Halafu soma takwimu za utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022: watoto wa chini ya miaka 5 waliodumaa ni takribani asilimia 57 Iringa, 50 Njombe na 50 Rukwa. Kitaifa ni 30. Mikoa inayoshibisha nchi ndiyo inayoongoza kwa watoto wafupi kuliko umri wao.

Udumavu una baba wengi. Kuna kuhara, kuna maji machafu, kuna mama anayelima mpaka wiki ya kujifungua na kurudi shambani kabla mtoto hajafungua macho vizuri. Sisemi yote ni metali. Ninachosema ni kwamba tunapofika kwenye chuma na zinki, tunaongea kama wafanyabiashara wa nafaka: magunia mangapi yameingia ghalani? Mama amekula nini, amemeza vidonge vingapi, mtoto amepewa makundi mangapi ya chakula? Mwili hauhesabu magunia. Mwili una milango, kila mlango una mlinzi, na mlinzi huyo hajali kilichoandikwa kwenye daftari la kliniki.

Tumtazame chuma kwa karibu, maana ndiye mwenye visa vingi.

Mtu mzima ana gramu 3 hadi 4 za chuma mwilini, uzito wa msumari mmoja wa inchi 2 na nusu. Theluthi mbili hivi zimo kwenye himoglobini. Kila molekuli ya himoglobini ina atomu 4 za chuma, kila moja imefungwa katikati ya pete, na oksijeni inapanda juu ya atomu hiyo kama abiria wa bodaboda: anapanda kwenye mapafu, anashuka kwenye msuli. Pete inayofanana na hiyo, ukiiwekea magnesiamu katikati badala ya chuma, ndiyo klorofili, kijani cha mashamba ya chai kuanzia Tukuyu mpaka Mufindi. Damu na jani la chai ni binamu. Kwa hiyo ugomvi ule wa ndani ya kikombe ni wa ukoo.

Tatizo ni kwamba chuma kikiwa huru, nje ya pete na maghala yake, kinaunguza. Kinazalisha kemikali kali zinazoharibu seli, na ndiyo sababu kidonge kinachompa mama damu kinaweza kumuua mtoto mdogo aliyekikuta juu ya kabati akameza vingi akidhani ni pipi. Mwili unalijua hilo. Na hapa kuna jambo ambalo watu wengi hawajaambiwa: mwili hauna mlango wa kutolea chuma. Maji yakizidi, figo inayatoa. Chuma kikizidi hakuna pa kukipeleka. Kinachopotea ni miligramu 1 hadi 2 kwa siku, kwa seli zinazobanduka, na kwa wanawake zaidi kwa sababu ya hedhi. Kwa kuwa hakuna mlango wa kutokea, ulinzi wote umewekwa kwenye mlango wa kuingilia. Mlinzi mkuu ni homoni iitwayo hepsidini, inatengenezwa na ini. Ikipanda, utumbo unafungwa. Ikishuka, unafunguliwa.

Na kinachoipandisha hepsidini ni nini? Chuma kikijaa maghalani, ndiyo. Lakini pia maambukizi. Bakteria nao wanakitaka chuma ili wazaane, kwa hiyo mwili ukihisi vita unakificha na kufunga mlango. Mtoto anayeugua mara kwa mara, leo kikohozi, kesho kuhara, keshokutwa homa, anaweza kupewa chuma mpaka kinyesi kiwe cheusi na damu isipande, kwa sababu mlinzi wake yuko kwenye hali ya hatari mwaka mzima. Kumfokea mama wa mtoto huyo ni kumfokea mtu aliyekuja na mzigo akakuta geti limefungwa.

Kulazimisha geti nako kuna bei yake, na somo hilo lilipatikana hapa hapa nchini. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kisiwani Pemba, maelfu ya watoto wadogo waliwekwa kwenye utafiti: wengine walipewa chuma na foliki asidi, wengine hawakupewa. Nia ilikuwa njema na kila mtu alitarajia matokeo mema. Waliopewa chuma wakawa wanalazwa na kufariki zaidi kuliko wenzao. Sehemu hiyo ya utafiti ikasimamishwa, na matokeo yalipochapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 2006, mashirika ya afya duniani yalilazimika kuandika upya miongozo yao. Malaria ndiyo iliyokuwa kiini cha maelezo. Tangu hapo shauri ni kwamba penye malaria nyingi, chuma cha watoto kiende sambamba na kinga na tiba ya malaria, kisiende peke yake.

Sasa chukua ramani. Makete na Njombe, kwa ubaridi wao, malaria ni mgeni wa nadra. Kyela, bondeni kando ya Ziwa Nyasa, malaria ni mwenyeji. Kati ya sehemu hizo mbili ni mwendo wa saa chache kwa gari, lakini swali la chuma kwa mtoto lina majibu mawili tofauti. Bango la uhamasishaji linalobandikwa kote ni moja.

Kimelea wa malaria naye ameonja upande wa pili wa chuma. Anakula himoglobini, anabaki na pete zake zenye chuma, na ile dawa mseto tunayoimeza ina artemisinini, ambayo daraja lake la oksijeni mbili likikutana na chuma hicho linavunjika na kumharibu kimelea kutoka ndani. Tu Youyou wa China aliyeitoa dawa hiyo kwenye mmea alipata Nobeli mwaka 2015. Mwizi anauawa na alichoiba.

Zinki haina visa vingi, ila historia yake imenikaa kichwani. Mwaka 1958 daktari mzaliwa wa India, Ananda Prasad, akifanya kazi Shiraz, Iran, aliletewa kijana wa miaka 21 mwenye mwili wa mtoto wa miaka 10. Hakuwa amebalehe. Damu ilikuwa chini kabisa. Chakula chake kilikuwa mkate wa ngano usiochachushwa, nyama hakuna, na alikuwa anakula udongo. Kabla ya hapo wataalamu walikuwa hawaamini kwamba binadamu anaweza kupungukiwa zinki, iko kwenye kila kitu. Prasad alikisia kwamba nafaka ile na udongo ule vinaifunga isiingie, na baadaye, alipoendelea na utafiti Misri, vijana wa aina hiyo waliopewa zinki walirefuka na kubalehe.

Nafaka ya kutwa, nyama ya sikukuu, na udongo. Kuna mtu wa kwetu asiyeitambua sahani hiyo? Udongo wa kula, ule tunaouita pemba (jina tu, kisiwa hakihusiki), unauzwa sokoni umepangwa vizuri kama biskuti, na wateja wake wakubwa ni wajawazito. Wanaambiwa ni uroho. Kiu ya udongo mara nyingi inaambatana na upungufu wa chuma wenyewe, kwa hiyo anayekula udongo huenda anaumwa tayari, halafu udongo unakamata hata kile chuma kidogo alichobahatika kula. Na udongo hauji peke yake. Uchunguzi wa udongo wanaokula wajawazito kwenye maeneo ya migodi huko Geita umekuta risasi na aseniki ndani yake. Hapo ndipo mambo ya milango yanapotisha. Mwili unaolia njaa ya chuma unaupanua mlango wa chuma, na risasi inapita mlango huo huo bila kuulizwa kitambulisho. Mtoto mdogo hufyonza karibu nusu ya risasi anayoila, mtu mzima sehemu ndogo tu. Kumjazia mtoto chuma cha kutosha kwenye maghala yake ni njia mojawapo ya kumfungia risasi nje.

Kwa zinki angalau tumepata ushindi mmoja. Tangu mwaka 2004 WHO na UNICEF wanashauri mtoto anayehara apewe ORS pamoja na zinki, kwa siku 10 hadi 14. Vidonge vipo, vinayeyuka kwenye kijiko cha maziwa ya mama. Shida ni kwamba kuhara kukikoma siku ya tatu, vilivyobaki vinawekwa juu ya kabati vikisubiri ndugu yake augue.

Twende Chunya. Kule kuna metali ambayo mwili hauna kazi nayo hata chembe, nayo ni zebaki. Wenye kazi wanajua mtiririko: jiwe linatoka duarani, yaani shimoni, linasagwa kwenye karasha, mchanga unaoshwa, kisha zebaki inatiwa ili ikamatishe dhahabu. Kinachopatikana kinakamuliwa kwenye kitambaa, kinabaki kidonge cha rangi ya fedha, kinachomwa. Zebaki inapaa, dhahabu inabaki. Nimemwona kijana akichoma kwenye kopo, kwenye jiko la mkaa, mlangoni mwa chumba anacholala na familia yake. Nilipomuuliza kuhusu hatari akanicheka. Akaninyooshea kiganja, tone la zebaki likitembea juu yake kama shanga. "Naishika kila siku, kaka. Kuna mtu hapa aliwahi kuimeza kabisa na yupo."

Na hakuwa mwongo. Zebaki ya majimaji ikimezwa karibu yote inapita na kutoka, utumbo hauichukui. Ndiyo maana inadanganya. Lakini ikiwa mvuke, usio na rangi wala harufu, takribani asilimia 80 ya inayovutwa inabaki mwilini, inafika kwenye ubongo, na kwa mjamzito inavuka kondo la nyuma. Ikiingia mtoni, vijidudu vya matopeni vinaigeuza kuwa zebaki ya methili, samaki wadogo wanaila, wakubwa wanawala wadogo, na binadamu akimla samaki huyo anaifyonza karibu yote. Metali moja, njia tatu, na kijana yule ameshuhudia ile moja isiyo na madhara makubwa ndiyo akajenga imani yake juu yake. Mji wa Minamata, Japani, ulilipa kwa njia ya samaki: ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, zebaki ikitoka kiwandani, na watoto walizaliwa na ubongo ulioharibika kutoka kwa mama walioonekana wazima. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 2013 umechukua jina la mji huo, na Tanzania nayo imeuridhia. Ila mkataba hauchomi dhahabu. Retorti, chombo cha kufunika na kuukusanya mvuke, ingemrudishia mchimbaji zebaki yake aitumie tena, maana yake kuna hela ndani yake. Ningekuwa mshauri wa serikali ningeanza na hiyo hela, hofu ningeiweka pembeni. Kijana mwenye tone kiganjani haogopi.

Na kama unataka kujua dhahabu ya Chunya inaweza kuishia wapi, angalia kipimo cha haraka cha malaria, ile MRDT. Ule mstari mwekundu unaokufanya ushike kichwa umechorwa na chembechembe za dhahabu, ndogo mno, na dhahabu ikiwa ndogo kiasi hicho inakuwa nyekundu. Kipimo cha mimba vilevile. Wanawake wangapi wamepata habari ya maisha yao kwa mstari wa dhahabu na hawakujua?

Hospitalini metali imeingia mpaka kwenye uti wa tiba. Platini, ambayo wengi wanaijua kwa pete za harusi za matajiri, ndiyo moyo wa sisplatini, dawa wanayopewa wagonjwa wa saratani ya shingo ya kizazi pamoja na mionzi. Barnett Rosenberg, nchini Marekani, aliigundua kazi yake miaka ya 1960 kwa bahati: alikuwa anapitisha umeme kwenye chombo cha bakteria, bakteria wakawa wanarefuka bila kugawanyika, na mkosaji hakuwa umeme bali platini iliyokuwa ikitoka kidogo kidogo kwenye vyuma vya umeme. Lithiamu inatuliza ugonjwa wa akili wa kupanda na kushuka, tangu John Cade wa Australia alipoiandika mwaka 1949, na mtu anayeitumia akipunguza chumvi ghafla anaweza kudhurika, kwa sababu figo inashindwa kutofautisha lithiamu na sodiamu, ikikosa moja inang'ang'ania nyingine. Mlango tena.

Lakini ninayoipenda kuliko zote ni magnesiamu salfeti, chumvi ya bei rahisi kabisa. Mama mwenye dalili za kifafa cha mimba anachomwa hiyo. Utafiti wa Magpie uliochapishwa mwaka 2002, wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha inapunguza hatari ya degedege kwa zaidi ya nusu. Usiku mmoja wodini nilimwona dada muuguzi akimjia mgonjwa na sindano, akaiweka chini kwanza, akachukua nyundo ndogo ya mpira na kumgonga gotini. Mguu ukaruka. Akahesabu pumzi kwa saa yake, akatazama mfuko wa mkojo, ndipo akachoma. Nilimuuliza kwa nini kaanza na goti. Magnesiamu ikizidi, akasema, goti linalala kabla kifua hakijalala. Goti likiwa kimya, hachomi, na kalsiamu ya kuigeuza iko kwenye trei, tayari. Pale metali haikuhesabiwa kwa kilo wala kwa kauli ya mgonjwa. Iliulizwa mwilini, kwa nyundo, kila dozi. Laiti FEFO ya shemeji yangu ingepata robo ya heshima hiyo.

Nirudi jikoni, maana hapo ndipo tunaposhindwa.

Mahindi yetu yana chuma na zinki, na maharage yana zaidi. Ila mbegu zote zimebeba fitati, akiba ya fosforasi ya mche utakaoota, na fitati ina mikono mingi ya kushika metali. Sembe imekobolewa: fitati imepungua, na chuma na zinki vimekwenda na pumba kwa nguruwe. Dona vyote vimo, na mshikaji naye yumo. Ndiyo maana ubishi wa dona na sembe hauishi, kila upande una nusu ya ukweli. Ule unga wa lishe unaosifiwa, nafaka saba zimechanganywa na soya na karanga, siuamini sana. Ukirundika mbegu saba umerundika fitati saba, na mtoto wa miezi minane anakula vijiko vichache tu.

Ufunguo uko ndani ya mbegu yenyewe. Ukiiloweka na kuiotesha, inatoa kimeng'enya cha kuivunja fitati, kwa sababu mche unaihitaji ile akiba. Bibi aliyeotesha ulezi, akauanika, akausaga kimea, akakitia kwenye togwa na kuiacha ichachuke, alikuwa anafungua mlango wa chuma bila kumwambia mtu. Kimea hicho pia kinaulegeza uji mzito bila kuongeza maji, mtoto anakunywa chakula badala ya maji ya moto. Siku hizi kimea tunakijua kwa pombe.

Mwingine ni usipa, wale samaki wadogo wa Ziwa Nyasa wanaopanda kwa magunia kutoka Kyela. Chuma cha samaki na nyama, kwa sehemu, bado kimo ndani ya pete yake, kinapita mlango wake binafsi, na fitati haikigusi. Zaidi ya hapo, samaki kidogo kwenye sahani humsaidia hata chuma wa maharage kupita. Kiganja cha usipa uliosagwa kwenye uji wa mtoto kingefanya mengi. Kwa desturi zetu, usipa unamfuata baba, mtoto anafuatwa na mchuzi.

Tangu kanuni za mwaka 2011, viwanda vikubwa vinatakiwa kuongeza chuma, zinki na vitamini kwenye unga wa ngano na mahindi. Ni sera nzuri, na kwa mtu wa Kariakoo anayenunua unga wa pakiti ina maana. Huku kwetu mahindi yako ndani, kwenye kihenge. Unajaza debe, unalibeba kichwani mpaka mashine ya mtaani. Unga wa pakiti ni wa mgeni. Kwa hiyo sera ya kuwafikia wenye upungufu imewazunguka wale wanaolima.

Kuna kifaa kinachofungwa kwenye mashine ndogo, kinaupima unga unaoshuka na kudondosha virutubisho kwa kipimo. Kipo nchini, kinafanya kazi kwa wenye mashine wanaofunga na kuuza unga wao. Mwezi uliopita nilimuuliza mwenye mashine mmoja, maeneo ya Uyole, kama angekikubali. Alizima mota kwanza ili tusikilizane, akajifuta unga kwenye nyusi.

"Mtu anakuja na debe lake," akasema. "Anasaga, analipa, anaondoka. Nikimwambia aongeze hela ya chuma, ataniuliza mahindi yake yana kasoro gani."

Akawasha mota. Mama wa nyuma yangu alikuwa ameshatua debe.